Kongosho Tuwaachie Mbwa: Jinsi Ninavyofikisha Insulini Ukerewe Ikiwa Nzima

Mimi ni muuza nyama. Bucha yangu iko Igoma, jijini Mwanza, kwenye barabara ya Musoma, na kila siku kabla hakujapambazuka vizuri huwa niko machinjioni nachagua mzigo wangu. Nalitaja hili mapema ili mjue kwamba kongosho naijua kwa mkono. Ukishapasua tumbo la ng'ombe, fuata utumbo mwembamba pale unapoanzia. Utaikuta imejibanza hapo, rangi yake kati ya nyama na mafuta, ina vinundu vinundu, laini kuliko ini. Siku moja niliweka moja kwenye mizani ya dukani, ikasoma gramu 310. Mteja hajawahi kuniulizia kongosho. Vijana wa machinjio huwatupia mbwa, au huichanganya na utumbo na hakuna anayejua.

Binti yangu Kabula ana kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho kongosho ya mtu haitengenezi insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu. Aligundulika akiwa na miaka 7, sasa ana 13. Anachoma sindano asubuhi na jioni, na zisipopatikana hatuhesabu wiki, tunahesabu siku.

Mwaka juzi insulini iliadimika pale tunapochukulia. Nikazunguka maduka ya dawa mjini, moja wanasema kesho, jingine wanasema wiki ijayo. Kule machinjioni sura yangu ikanisaliti. Kijana mmoja tunayefanya naye kazi akaniuliza kuna nini, nikamweleza. Akanitazama kama mtu aliyeokota pesa.

"Baba Kabula, si wanasema hiyo dawa inatoka kwa ng'ombe? Na ng'ombe si ndio hawa?"

Nilipogeuka, alikuwa ameshajaza ndoo. Kongosho kumi na kitu.

Sitawaficha, niliibeba ile ndoo. Nikaifunika na gunia, nikaipakia kwenye bodaboda mpaka Nyakato kwa mzee mmoja mstaafu wa maabara, mteja wangu wa siku nyingi, mtu wa kununua nyama ya mchuzi nusu kilo kila Jumamosi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika huku anaifunua ndoo. Akainusa. Akasema, "Hii imeanza kujila yenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo muuza nyama yeyote analiona bila kujua maana yake. Kongosho huharibika haraka kuliko ini, haraka kuliko hata figo. Inateleza, inalegea, inatoa maji. Sababu ni kwamba kazi yake kubwa ni kutengeneza maji ya kusagia chakula, yale yanayoyeyusha nyama utumboni. Ng'ombe akishakufa, maji hayo yanaanza kuyeyusha kongosho yenyewe, na insulini iliyomo, ambayo ni protini kama nyama, inaliwa pamoja nayo. Ile ndoo yangu ilikuwa imekaa juani saa moja na nusu.

Kwa sababu hiyohiyo supu ya kongosho haimsaidii mgonjwa. Nimeshaulizwa na watu zaidi ya wanne, mmoja wao mwalimu. Insulini ukiimeza, tumbo linaisaga kama linavyosaga maharage. Lazima ipite kwenye sindano.

Yule mzee hakunicheka. Alinikalisha barazani akanieleza jinsi ilivyokuwa ikifanyika zamani, nami naieleza kwa ufupi kwa sababu najua wapo wengine wenye ndoo zao.

Mwaka 1921, Toronto, Kanada, daktari Frederick Banting na kijana Charles Best walifanya kazi kwenye maabara ya profesa Macleod. Walikuwa wakitafuta namna ya kuitoa insulini kwenye kongosho kabla haijaliwa. Walianza na mbwa, baadaye wakatumia kongosho za ng'ombe kutoka machinjioni, kama hizi zangu. Ujanja wao ulikuwa kuisaga ikiwa ya baridi kabisa ndani ya pombe kali iliyotiwa asidi. Asidi na pombe huzuia yale maji ya kusaga yasifanye kazi, na insulini inayeyukia humo. Kisha unachuja, unaondoa mafuta, unaondoa pombe.

Tarehe 11 Januari 1922 wakamchoma mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amekonda mpaka anakaribia kufa. Sukari ilishuka kidogo tu, na pale alipochomwa pakavimba jipu. Dawa ilikuwa chafu. Kazi ikabaki kwa mwanakemia James Collip, aliyekuwa ameshajiunga nao, akapata kiwango halisi cha pombe kinachoangusha uchafu na kile kinachoiangusha insulini yenyewe. Tarehe 23 Januari kijana akachomwa tena, na safari hii sukari ikashuka kweli. Kati ya ndoo na dawa kulikuwa na huyo Collip, na hata yeye baada ya muda ilimpotea namna ya kuitengeneza, akahangaika kuipata tena.

Baadaye viwanda vikaichukua kazi hiyo. Kule Marekani, kupata insulini ya wakia 8, yaani kama gramu 227, walihitaji karibu tani mbili za kongosho za nguruwe, zikigandishwa mara tu mnyama anapochinjwa. Na hapo bado kulikuwa na kuisafisha: wanarekebisha ukali wa asidi mpaka insulini inajitenga na kutua chini, wanaigeuza kuwa chembe kama za chumvi, na miaka ya baadaye wakaipitisha kwenye mirija ya kuchuja inayotenganisha protini moja na nyingine. Tangu 1982 imeingia sokoni insulini inayotengenezwa na bakteria waliopewa maelekezo ya insulini ya binadamu, na leo nyingi tunayopewa ni ya bakteria au hamira. Ya nguruwe inatofautiana na yetu kwa kiungo kimoja tu kati ya 51 vinavyoijenga, ya ng'ombe kwa vitatu. Kwa hiyo yule kijana hakuwa amekosea kabisa.

"Kuna aliyewahi kuifanya nyumbani?" nikamuuliza.

Yupo. Eva Saxl, mwanamke wa Prague aliyekimbilia Shanghai, China, na mumewe Victor. Wajapani walipoukalia mji wakati wa Vita Kuu ya Pili, insulini ikaisha. Wakaazimwa maabara, wakapata kitabu cha udaktari, wakatumia kongosho za nyati wa majini. Ilitoka ya rangi ya kahawia. Waliijaribu kwa sungura kwanza ili kujua nguvu yake, ndipo Eva akajichoma mwenyewe. Waliwahudumia watu mamia.

Nikaona mzee ameniunga mkono. Kumbe ananitega.

"Wewe sungura unao?" akaniuliza. "Na ukiwa nao, utajuaje kama kichupa cha leo kina nguvu sawa na cha kesho?"

Kichupa tunachonunua cha mililita 10 kina yuniti 1000, hazizidi wala hazipungui kwa kiasi cha kumdhuru mtoto. Insulini yote iliyomo humo haifiki hata miligramu 40, yaani kitu kidogo kuliko punje mbili za mchele. Ukizidisha hapo mara mbili tu, mtoto amelala asiamke. Ukiacha vijidudu kidogo tu humo, unamchoma usaha. Nilirudi na ndoo Igoma, mbwa wakala wakashiba.

Kabula aliponea insulini tuliyokopeshwa na mzazi mwenzetu tuliyekutana naye kliniki, vichupa viwili. Kuanzia siku hiyo niliacha kufikiria kutengeneza, nikaanza kufikiria kutunza. Nikagundua kwamba insulini niliyoiharibu mwenyewe kwa uzembe ilikuwa nyingi kuliko ile niliyowahi kunyimwa.

Kosa la friza

Hili nalisema kwa aibu. Umeme ulikatika nyumbani siku mbili mfululizo. Nikaona nina friza kubwa buchani lenye jenereta, kwa nini nihangaike? Nikaweka kichupa humo kati ya mapaja ya ng'ombe. Asubuhi kilikuwa barafu. Nikakishika kiganjani mpaka kikayeyuka, nikakitazama, nikaona ni kilekile, labda na vichembe viwili vitatu vimeganda kwenye kioo. Kabula akachoma. Jioni sukari 24 (milimoli kwa lita). Asubuhi kipimo kikaandika HI, maana yake imepita pale kinapoweza kuhesabu, na mtoto anatapika, pumzi inanuka kama embe lililooza. Tukalazwa siku tatu.

Insulini iliyoganda imekufa hata kama kwa macho inaonekana nzima. Imwage. Usiiweke kwenye friza, usiiweke kwenye chumba cha barafu cha jokofu, wala usiisogeze ukutani mwa jokofu pale nyuma panapoganda. Mahali pake ni kwenye mlango au rafu ya katikati, nyuzi 2 hadi 8.

Dukani kabla hujalipa

Soma tarehe ya mwisho. Shika kichupa: kama kimetoka kwenye jokofu lao kitakuwa baridi. Kama kimetoka rafuni karibu na dawa za kikohozi, kirudishe, na usione haya. Mimi muuzaji mmoja alininunia, nikamwambia hata nyama yangu wewe huikubali ikiwa imekaa juani.

Tazama kama ni aina ileile uliyoandikiwa. Ya Kabula ni ya mchanganyiko, 30 ya kufanya kazi haraka kwa 70 ya polepole, ina rangi ya maziwa mepesi. Ile ya kufanya kazi haraka ni angavu kama maji. Ya maziwa ikikaa hutua chini, na hiyo si dosari, utaiviringisha baadaye. Lakini yenye mabonge yasiyoyeyuka, au yenye ukungu kama barafu umeganda kwenye kioo, usiichukue. Na ile ambayo asili yake ni angavu ikiwa na ukungu wowote, iache.

Halafu bomba la sindano. Kichupa kimeandikwa yuniti 100 kwa mililita, na bomba liwe limeandikwa 100. Yapo mabomba ya yuniti 40 ambayo kizibo chake huwa chekundu, ya 100 huwa rangi ya chungwa. Ukivuta dawa ya 100 kwa bomba la 40, umezidisha mara mbili na nusu. Soma namba kwenye bomba, rangi ikuongoze tu.

Melini

Likizo Kabula anakwenda kwa bibi yake Muriti, kisiwani Ukerewe. Meli ya asubuhi hadi Nansio, kama saa tatu na ushee ziwani, halafu bodaboda. Nyumbani kwa mama hakuna umeme.

Kwa safari natumia chupa ya chai yenye mdomo mpana. Usiku naijaza maji ya baridi ili kuta zake zipoe, asubuhi naimwaga na kuikausha. Ndani naweka mfuko wa nailoni wenye barafu kiasi cha ngumi, juu yake kitambaa kikavu nilichokunja mara nne, juu yake vichupa vikiwa ndani ya kikopo cha plastiki chenye mfuniko, kisha kitambaa kingine. Barafu isiguse kichupa hata kidogo. Nilishawaambia kwa nini.

Ile chupa Kabula anaipakata. Haiendi kwenye mizigo chini, haiwekwi karibu na injini, na kwenye basi haiachwi mbele kwenye kioo cha dereva. Nimemfundisha kukaa upande wa kivuli, na mabaharia wameshamzoea: "Binti wa chai, umekuja?"

Chungu cha bibi

Hapa ndipo penye kazi, nami nitakaa kidogo.

Unahitaji vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi wala kung'arishwa. Cha nje kikubwa, kile cha kuhifadhia maji. Cha ndani kidogo, kinachoingia na kuacha nafasi ya vidole vitatu pande zote. Kabla hujaviunganisha, vitie maji usiku kucha; kikitoka jasho nje, kinafaa. Kisichotoka jasho kimechomwa kupita kiasi au kimepakwa kitu, na hakitapoza chochote. Mama alinunua viwili vya kwanza kwa kupenda maua yake. Vilikuwa vimepakwa rangi ya mafuta. Sasa ana mihogo humo.

Mchanga tunauchota ziwani, tunauosha mpaka maji yanatoka meupe, kwa sababu wenye tope unashika maji lakini hauruhusu hewa. Weka mchanga chini ya chungu kikubwa kimo cha vidole vinne, tia chungu kidogo katikati, jaza mchanga pembeni mpaka shingoni. Mwagia maji polepole mpaka mchanga ushibe. Juu funika kwa kitambaa cha pamba kilicholowa, na juu yake kifuniko chepesi, tunatumia ungo wa zamani.

Kinavyofanya kazi, mtu yeyote wa pwani ya ziwa anajua: ukitoka kuoga ziwani na upepo ukavuma, unatetemeka hata kama jua lipo. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Chungu kinaoga siku nzima.

Kwa hiyo kinataka upepo na kivuli. Mama alikiweka kwanza jikoni kwa sababu ndipo vyungu vinapokaa, na kilikuwa na joto kuliko nje. Tukakihamishia ukumbini upande wa ziwani, juu ya kigoda cha mbao kilicho wazi chini ili hewa ipite. Maji asubuhi, mchana na jioni. "Chungu hiki kinakunywa kuliko ndama," mama analalamika, lakini hajawahi kusahau.

Vichupa havikai uchi ndani. Viweke kwenye kikopo kikavu chenye mfuniko, maana unyevu unabandua lebo, na kichupa kisicho na lebo mimi sikichomi kwa mtoto. Weka pia kipimajoto. Nilinunua kile cha ukutani, kidogo, nikakifunga kamba. Mwezi wa 6 na wa 7, kiangazi, nje ikiwa 29 mchana, ndani ya chungu nasoma 23 au 24. Mwezi wa 12, mvua za vuli zikiwa bado zipo na hewa nzito, tofauti inabaki nyuzi 3, siku nyingine 2. Hewa ikishajaa maji, chungu hakina pa kuyapeleka yake. Siku hizo usihangaike kuongeza maji, tafuta upepo.

Chungu hakifikii jokofu, nacho hakijawahi kudai hivyo. Kinachotusaidia ni kwamba kichupa kinachotumika kinaruhusiwa kukaa nje ya jokofu, kwa aina nyingi siku 28, mradi kisipigwe na joto kali. Karatasi ya ndani ya boksi inasema nyuzi 25 au 30, kutegemea kampuni; soma ya kwako. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa majibu ya kupima insulini katika hali ya joto kama ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, joto likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na baada ya wiki nne ilikuwa bado na nguvu yake. Ukanda wetu wa ziwa si Dagahaley. Nilipolisikia hilo nililala usingizi. Lakini chungu sikukivunja, kwa sababu paa la bati la mama saa nane mchana mimi nalijua.

Tarehe kwenye plasta

Siku kichupa kinapotoka kwenye jokofu kwenda kukaa chunguni, hata kama hakijafunguliwa, nabandika kipande cha plasta na kuandika tarehe mbili: ya kutoka na ya kumwaga. Kabula anatumia yuniti 30 kwa siku, kwa hiyo siku ya 28 bado zinabaki kama 160 ndani. Roho inauma. Mama mara ya kwanza alikataa kumwaga, akasema ni sawa na kumwaga maziwa. Nikamwambia, "Mama, maziwa yakichacha unayaona. Hii haichachi machoni."

Kwa likizo ya mwezi mmoja anakwenda na vichupa viwili, kimoja cha kutumia na kimoja cha ajali. Vinavunjika. Kimoja kilidondoka kwenye sakafu ya saruji wakati mjukuu mdogo anatafuta peremende.

Wakati wa kuchoma ile ya maziwa, viringisha kichupa kati ya viganja mara 20 mpaka rangi iwe moja. Usikitikise kama dawa ya kikohozi, povu litakudanganya kipimo. Badilisha mahali pa kuchoma: tumboni, mapajani, leo kulia kesho kushoto. Kabula alipenda sehemu moja isiyouma, pakafanya uvimbe mgumu kama kokwa, na dawa ikichomwa hapo inaingia inavyotaka yenyewe.

Utajuaje kama imekufa

Macho hayatoshi. Mtoto amekula kama kawaida, amechoma kama kawaida, hana homa, na sukari inapanda siku mbili mfululizo: fungua kichupa kipya. Usianze kuongeza dozi ya kile cha zamani. Akianza kiu isiyokatika, kukojoa sana, kutapika, kuhema kwa nguvu, au ile harufu ya matunda mdomoni, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Kwetu kijijini tumekwisha kupanga na mwenye pikipiki mmoja na mwenye mtumbwi wa injini mmoja, na namba zao zimeandikwa kwa mkaa ukutani, kwa sababu simu huzima chaji.

Sukari ikishuka ni kinyume chake: jasho, kutetemeka, kununa bila sababu. Ikiwa chini ya 4, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au soda ya kawaida nusu ya chupa ndogo, subiri dakika 15, pima tena, kisha ale kitu. Akiwa hawezi kumeza usimtie chochote mdomoni isipokuwa sukari kidogo kupaka ndani ya shavu huku mnakimbia. Bibi anaweka sukari kwenye kikebe chake mwenyewe, na wajukuu wengine wamekatazwa hata kukigusa.

Kuisha

Nanunua kichupa kipya siku ninayofungua cha mwisho, sisubiri kiishe. Ikitokea imeadimika, usipunguze dozi ili isogee. Mtoto wa aina ya kwanza hawezi kufunga insulini kama anavyofunga chakula. Nenda hospitali kubwa siku hiyo, hapa kwetu Bugando au Sekou Toure, useme wazi: nina siku ngapi zimebaki. Uliza kliniki ya kisukari ya watoto, na chukua namba za wazazi wenzako. Zile namba ndizo zilizomwokoa Kabula wakati mimi nina ndoo ya kongosho.

Kitu kimoja cha pembeni, maana mama yangu anakipenda. Siku moja alikuwa anapasua sato kwa ajili ya mchana, nikamwambia kwamba kwenye samaki wengi wenye mifupa, zile chembe zinazotengeneza insulini zimejitenga na kongosho, zimejikusanya kivinundu karibu na nyongo. Macleod alilitumia hilo mwaka 1922 akaitoa insulini kwa samaki wa baharini kule Kanada, na hata sato wametumiwa na watafiti huko huko. Mama akasimamisha kisu, akachungulia. Alikitafuta kile kivinundu samaki watatu mfululizo. Sasa kila akipasua sato anamwita Kabula aje aone, na Kabula anasema, "Bibi, nishaona."

Sindano zilizotumika

Sindano haitupwi chooni wala kwenye jalala, watoto wa kijiji wanachezea. Tuna dumu la mafuta ya kula la lita 5, zito, lenye mfuniko wa kufunga kwa nguvu, tumeandika pembeni kwa wino mweusi SINDANO, USIFUNGUE. Sindano inaingia na bomba lake, haifunikwi tena kizibo maana hapo ndipo watu wanajichoma. Likifika robo tatu nalifunga kwa gundi na kulirudisha Mwanza na meli, nalikabidhi kliniki. Mara ya kwanza baharia alitaka kujua kuna nini ndani, nikamwambia mifupa ya samaki. Mara ya pili Kabula alikuwepo, akamweleza ukweli wote tangu Nansio mpaka tunatia nanga, na yule baharia siku hizi analibeba mwenyewe.